Walioandikishana

Kama kungekuwa na mashindano ya kutetea jambo ambalo mtu mwenyewe haliamini, Ponsian angerudi nyumbani Westmead, magharibi ya Sydney, na kikombe mkononi. Alikuwa mkalimani kwa kazi na Mhaya kwa kuzaliwa, na watani wake walisema mambo hayo mawili yakikutana ndani ya mtu mmoja, hata ukuta utakubali ili yaishe. Kwa miaka saba alikuwa akitetea jambo moja tu: kwamba yeye na Lazare hawana haja ya kufunga ndoa, kwa sababu walikwisha andikishana, na kuandikishana ni ndoa ile ile isipokuwa haina keki.

Lazare alikuwa mwenzake. Mrundi huyu, nesi wa wodi ya wazee, alikuwa mrefu na mpole, na kicheko chake kilivuka ukuta mpaka kwa jirani. Waliandikishana mwaka 2014, wakati sheria ya Australia haikuruhusu wanaume wawili waoane lakini serikali ya jimbo ilikuwa na rejista yake kwa ajili ya watu kama wao. Mnajaza, mnalipa, mnasubiri, mnaletewa cheti. Siku kilipofika walikula kuku wa kuchoma na chipsi Parramatta, kisha kila mtu akaenda kazini kwake. Ponsian alifurahi kupita kiasi. Alichokipenda zaidi, na hili hakumwambia mtu, ni kwamba lilikuwa jambo la kimya. Hakuna aliyesimama mbele ya watu, na hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi.

Mwisho wa mwaka 2017, baada ya nchi nzima kupiga kura kwa posta na mitaa yao ya magharibi kusema hapana kwa wingi, sheria ilibadilishwa. Jioni hiyo hiyo Lazare alirudi kutoka kazini na maua yaliyofungwa kwa karatasi ya supamaketi.

"Bon," alisema. "Tufunge ndoa."

"Ya nini?" Ponsian akauliza. "Si tumeandikishana?"

Akatoa mhadhara. Alieleza habari za urithi, kodi, na haki ya kuingia wodini mwenzako akizidiwa, na kwa kila kimoja alionyesha kwamba wao wanacho tayari. Alipoona Lazare bado ameshika maua, akaongeza mfano wa nyumbani. "Sisi tuna muungano. Tanganyika na Zanzibar waliungana tu, hawakufunga ndoa, na mpaka leo wako pamoja."

"Na mpaka leo wana kero," Lazare akajibu. "Kero za Muungano, Kero za Muungano. Unadhani kule kambi ya wakimbizi Kasulu hatukuwa na redio?"

"Nasema tu kwamba ni sawa."

"Kama ni sawa, nchi nzima ilipigia kura nini, stempu? Hata Corolla yangu imeandikishwa, Ponsian. Kila mwaka nalipa rego, ada ya kuiandikisha."

Ponsian alijua kwamba hoja hiyo ya gari ina jibu zuri sana. Bado anaendelea kulitafuta.

Sababu ya kweli ilikuwa Bukoba, na jina lake lilikuwa Mama Joyceline. Siku ile ya kuku na chipsi, furaha ilimzidi Ponsian, akapiga simu kwa mama yake. Alitaka kusema bila kusema, ufundi ambao alidhani anao. "Mama," alisema, "leo mimi na mwenzangu tumeandikisha jambo kubwa." Mama Joyceline akasikia kampuni. Kufikia Jumapili jumuiya nzima ilikuwa imeiombea kampuni ya mwana wao wa Australia na mbia wake Mrundi.

Ponsian angeweza kusahihisha. Kusahihisha maneno ndiyo kazi inayomlipia pango. Lakini alijiambia funika kombe mwanaharamu apite, akafunika. Mama alipouliza kampuni inauza nini, yeye ambaye hospitali na mahakama humlipa apate maneno haraka, alikuwa amekaa kitandani, akajibu, "Mashuka." Tangu hapo binamu mmoja wa Dar es Salaam hakuacha kuulizia bei ya jumla. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini hawakumjua Ponsian. Ya kwake ilikuwa na miaka kumi na bado ilikuwa inachongwa.

Mwanzoni Lazare naye alicheka. Aliacha kucheka siku Mama Joyceline aliposema simuni, "Nisalimie mbia wako," na Ponsian, huku mguu wa Lazare umelala juu ya mapaja yake, akajibu, "Nitamfikishia, mama." Lazare aliondoa mguu wake taratibu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Majira ya baridi ya mwaka huu mambo yalifika shingoni, na aliyeyafikisha ni mama yake Lazare. Mama huyo, Médiatrice, aliishi mtaa wa Mount Druitt. Alipojua habari za mwanawe alikaa miaka mitatu bila kumsemesha, halafu Krismasi moja akatokea mlangoni na sufuria ya maharage, hakueleza chochote, wala hakuulizwa. Sasa alikuwa amemuuliza Lazare swali moja: wewe na huyu Mtanzania, muko nini? Lazare, mtu wa maneno ya papo kwa papo, safari hii alimwambia aje amuulize Ponsian.

"Jumapili anakuja baada ya ibada," alimwambia Ponsian. "Nimemwita na Bruno." Bruno alikuwa mzee wa Kiitaliano wa Liverpool, ile ya hapo hapo Sydney, mwenye kibali cha serikali cha kufungisha ndoa. "Mama atauliza. Weye utajibu. Ukisema tena ni sawa tu, nafunga mzigo naenda naye. Sitakuwa na hasira, sheri. Nimechoka tu kuwa mbia."

Alisema bila kupandisha sauti, na hapo Ponsian aliogopa kweli. Alimpenda Lazare. Alipenda hata mambo yake ya kuudhi, kama kuacha mifuko ya chai iliyotumika kwenye sinki na kuimba nyimbo za kwaya akiwa bafuni huku akiruka maneno asiyoyajua. Nyumba hiyo bila sauti hiyo hakuitaka hata kwa fikra. Mtu mwingine angejiuliza moyo wake unasema nini. Ponsian alifanya kile alichozoea kufanya kabla ya kazi ngumu: alikwenda kusoma sheria na kuandaa msamiati.

Jumapili Médiatrice alifika na kitenge chake cha kanisani, akavua viatu mlangoni, akapokea shikamoo ya Ponsian na kukaa ukingoni mwa kiti, kama mtu ambaye bado hajaamua. Bruno alifika na mkoba na biskuti. Ndipo ilipobainika kwamba Médiatrice Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na bei za sokoni, na Bruno, zaidi ya Kiingereza, alijua Kiitaliano tu. Wote wawili wakamgeukia Ponsian.

Alifarijika vibaya sana. Alivuta kiti katikati, akatoa kalamu na kikaratasi, akawa kazini. Mkalimani hana maoni. Na kuna kanuni moja ambayo kila mkalimani hupigwa nayo kichwani tangu siku ya kwanza: usiseme "anasema kwamba". Mgonjwa akisema naumwa, wewe nawe unasema naumwa. Hakimu akisema nakuhukumu, unasema nakuhukumu. Kwa miaka yote hiyo Ponsian alikuwa amesema "mimi" mara nyingi kuliko mtu yeyote wa magharibi ya Sydney. Alikuwa ameumwa maradhi yote, amezaa mapacha, amekana wizi na amepewa talaka, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

Bruno alieleza maana ya ndoa kwa mujibu wa sheria ya nchi: muungano wa watu wawili pasipo mwingine yeyote, ulioingiwa kwa hiari yao, kwa maisha yote. Ponsian alitafsiri vizuri mno, mwenyewe akajipa alama za juu kimoyomoyo.

"Na saa hii wako nini?" Médiatrice akauliza.

Bruno alijibu kwamba wameandikishwa katika rejista ya jimbo, na kwamba kisheria inakaribiana sana na ndoa. Ponsian akaifikisha: "Wameandikishana, mama. Kisheria inakaribiana sana na ndoa."

Médiatrice aliweka kikombe chini.

"Wameandikishwa?" alisema, kwa Kiswahili chake cha Burundi ambamo "ndiyo" huwa "njo". "Mimi najua kuandikishwa. Niliandikishwa kule Kasulu, mimi na mume wangu na watoto. Walitutia wino ku kidole. Kila wakati wa posho unapanga mustari, wanaita jina, unaitika, unapewa unga na maharagi. Mume wangu alipokufa nilirudi ku mustari, wakamukata kwa kalamu, unga ukapungua. Njo kuandikishwa hiyo. Ni kitu ya muntu asiye na kwao. Lakini kuolewa, hapana. Huyo mwanaume alikuja kwetu na wazee wake, wakakaa, wakasema jina langu mbele ya watu wote. Mpaka leo hayuko, na mimi ni mke wake. Ile kadi ya unga sijui hata ilipotelea wapi." Akamtazama Bruno moja kwa moja, si Ponsian. "Mutoto wangu ameandikwa dunia nzima. Tanzania walimwandika, Australia wamemwandika. Hakuna muntu aliyesimama bado akasema, huyu ni wangu."

Ponsian akaanza kutafsiri. Alisema kwa Kiingereza: niliandikishwa. Alisema: mume wangu alipokufa wakamkata kwa kalamu. Kanuni ni kanuni, na "mimi" ya Médiatrice ilipita kinywani mwake neno kwa neno, lakini safari hii haikupita tu. Alipofika kwenye "huyu ni wangu" alikohoa na kusingizia biskuti.

Bruno alivua miwani. Alimtazama Ponsian, akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu: na wewe, unataka nini?

Ponsian akamgeukia Médiatrice. "Na wewe, unataka nini?" alisema kwa Kiswahili safi, akainua kalamu tayari kwa jibu.

Médiatrice akashangaa. "Si nimesema sasa hivi?"

Ponsian aliendelea kusubiri, kalamu hewani, kama mtu anayesubiri basi kwenye kituo kilichofungwa. Lazare alijifunika uso kwa mikono miwili, haikujulikana kama ni kicheko au kilio.

"Ponsian," alisema. "Anakuuliza weye."

Mganga hajigangi. Ponsian alifungua kinywa na kilichotoka kilikuwa dhambi ile ambayo wanafunzi hufelishwa kwayo. "Anasema," alisema, "anasema kwamba ukiangalia haki zote kwa ujumla, urithi, kodi, matibabu, kwa kweli ni sawa..."

Alisikia mwenyewe. Neno "tu" alilizuia kwenye meno, lakini hata bila hilo, alikwisha lisema.

Lazare aliinuka. Alikusanya vikombe, kile cha Bruno kikiwa bado na chai, akavipeleka jikoni. "Mama, vaa viatu," alisema kwa upole, akapita kwenda chumbani. Ikasikika sauti ya kabati kufunguliwa, kisha hanga zikigongana.

Ponsian alibaki ameketi na msamiati wake. Alikuwa na neno la kila kitu kilichokuwa mezani. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na kichekesho ndani yake, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, mwenye shahada mbili ambazo huzitaja bila kuulizwa, ameshindwa kujibu swali ambalo mtoto wa chekechea hujibu akionyeshwa maembe. Akasimama kwa nguvu kiasi kwamba kiti kilianguka.

"Si sawa!" alipiga kelele kuelekea chumbani.

Hanga zikanyamaza.

"Si sawa, Lazare. Nilijua tangu siku ile ya kuku. Niliipenda rejista ile kwa sababu si sawa. Haikuniuliza kwetu. Haikutaka mtu asimame. Ningeweza kuwa nayo miaka hamsini na hakuna ambaye angejua, na mimi nikaita hiyo ni haki." Alikuwa analia sasa, na pua inamtoka, wala hakuna lugha inayosaidia hapo. "Naogopa. Nakupenda na naogopa. Nioe."

Lazare alitokea mlangoni na shati kwenye hanga.

Aliyesema ni Médiatrice, ambaye alikuwa na kiatu kimoja mguuni. "Ngoja. Lazare njo anayeoa?"

"Ndiyo, mama," Ponsian akajibu.

"Na weye njo unaolewa?"

Kila mwanamume aliyekulia katika Kiswahili analijua neno hilo. Ni neno la kumtupia mwenzako kilabuni ili meza zipinduke. Ponsian alikuwa akilisikia kama tusi tangu shule ya msingi, lakini hakuwahi kumsikia mwanamume akilichukua mwenyewe. Alipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Ndiyo," alisema. "Mimi naolewa."

Dari haikuanguka. Bruno aliuliza wanasema nini, na kwa kuwa hakuna aliyemtafsiria, akachukua biskuti nyingine.

Médiatrice alivua tena kile kiatu. "Sawa," alisema. "Sijapenda, nisikudanganye. Nimepiga magoti sana juu ya mambo haya na bado sijapenda. Lakini kama ni kufanya, tufanye vizuri. Anayeolewa ana kwao. Siwezi kuchukua mutoto wa watu kama mwizi. Piga simu kwa mama yako."

"Mama, usimlazimishe," Lazare akasema haraka. Alikuwa amemjia Ponsian na kusimama karibu naye, shati bado mkononi. "Sikiliza. Umesema. Kwangu mimi inatosha. Hili unaweza kuliacha."

Lilikuwa jambo la ukarimu, na Ponsian aliliona jinsi lilivyo. Pia lilikuwa mlango wa nyuma, na yeye milango ya nyuma aliijua yote. Kule Bukoba jambo hili halikuwa mzaha. Mama yake angeweza kukata simu na asipokee tena mpaka kufa. Majirani wangeweza kumtenga kanisani, mjane wa watu, kwa ajili ya maneno ya mwanawe. Alifikiri hayo yote. Kisha akafikiri juu ya ule mguu ulioondolewa mapajani mwake taratibu. Akachukua simu, akapiga mwenyewe.

Mama Joyceline alipokea kwa sauti ya wale wanaoamini kwamba Australia hufikiwa kwa kupaza. Alikuwa ametoka misa ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba! Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, kuna mgeni hapa anataka kuzungumza nawe." Akabonyeza kipaza sauti, akaiweka simu mbele ya Médiatrice.

Wanawake wawili wakasalimiana. Walisalimiana kwa kirefu, afya, watoto, mvua, mazao, kila mmoja na Kiswahili chake, na walielewana bila kusaidiwa na mtu. Médiatrice akajitambulisha kuwa ni mama yake Lazare. Mama Joyceline akashangilia, akashukuru kwa wema ambao mwanawe ametendewa ugenini.

"Basi, mama," Médiatrice akasema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya watu wanaotumwa. "Mimi nimekuja kuomba. Ningekuja na miguu yangu, lakini ni mbali. Kijana wangu amepata mchumba humo ndani mwenu."

Upande wa pili kikaja kicheko cha kweli, cha furaha.

"Jamani, mama yangu, umechelewa!" alisema Mama Joyceline. "Binti zangu wote wameolewa. Wa mwisho nilimtoa mwaka juzi. Humu ndani hakuna aliyebaki."

Médiatrice alimtazama Ponsian. Lazare alimtazama. Hata Bruno, ambaye hakuelewa neno, alikuwa ameacha kutafuna. Ponsian akaivuta simu karibu na midomo yake.

"Yupo mmoja, mama," alisema. "Ni mimi."